Malkia wa Boksi la Sabuni

Njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, zikichemka hazifichiki. Harufu yake hutoka jikoni, ikapita mlangoni na kwenda kumwambia jirani kwamba kuna mama amejifungua. Wiki iliyopita zilikuwa zinachemka kwangu hapa Ruiru, kwa sababu Njeri, mjukuu wangu, amepata mtoto wa kike, na sisi watu wa huku hatuendi kumwona mzazi bila njahi. Wajukuu wengine walikuwa sebuleni wakipangana nani atapanda gari kwenda kwake Kahawa Wendani. Walipanga, wakapangua, na mwishowe Kevo, mkubwa wao, akaja jikoni na uso wa mtu aliyetumwa.

"Cucu, gari imejaa," akasema. "Na wewe umechoka. Wacha sisi tuende, tutakupigia picha mingi mingi."

Nikashusha pumzi ndefu. Kevo akanionea huruma, akanishika bega, akarudi kwa wenzake. Nami nikabaki na mwiko mkononi nikicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu pumzi ile haikuwa yangu. Niliirithi, na wenzangu wa rika langu mtanielewa nikiwaeleza nilikoitoa.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Ilikuwa kabla ya miaka ile ya vibali, wakati mtu bado aliweza kutoka Thika asubuhi kwa baisikeli na kunywa chai Ruiru bila kuulizwa anakwenda wapi. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa katika shamba la Mzungu mmoja, chini karibu na mto, na nguo zetu zote zilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Wageni walikuwa wakiziba pua. Mimi niliipenda harufu ile, maana ndiyo iliyoniambia kwamba Baba amerudi nyumbani.

Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Cucu, mama yake Baba. Nilipewa jina lake, Wangui, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo Baba aliniita maitu, yaani mama yangu, na Cucu akaniita mke mwenzangu. Mtu akisimama uani na kuita "Wangui!" tuliitika wawili, kisha tukagombana nani ndiye aliyeitwa.

Baba alikuwa amepigana vita vya Burma, au tuseme aliendesha malori ya waliokuwa wakipigana, na kutoka huko alirudi na koti zito la jeshi pamoja na karata ndani ya mkebe wa sigara. Mchezo aliojifunza uliitwa poka, na Jumapili za mvua tuliucheza sote juu ya mkeka. Si mchezo mgumu. Kila mtu anapewa karata tano. Unaziangalia, unaweka punje zako za njahi katikati, halafu unatupa karata usizozitaka na kupewa nyingine. Mnaweka njahi tena, na atakayeona zimekuwa nyingi kuliko moyo wake anafunika karata zake na kujitoa. Waliobaki wanaonyeshana. Mwenye karata zinazofanana nyingi zaidi ndiye anayezoa, na tatu zikiandamana na mbili hupiga tatu peke yake.

Kulikuwa na kasoro moja. Malkia wa kopa aliliwa na mbuzi. Mama, aliyekuwa na mkono mzuri wa kuchora, alikata kipande cha boksi la sabuni akatengeneza malkia mwingine kwa penseli na wino mwekundu. Lakini wale malkia wa Kizungu waliobaki hakuwajali, na mama mwenye cheo aliyemjua ni mmoja tu, mama mkwe wake. Kwa hiyo malkia wetu akawa na kichwa kilichonyolewa kikang'aa, na zile hereni kubwa za shanga za akina mama wa zamani, hang'i, zikining'inia hadi mabegani. Alikuwa Cucu mtupu! Cucu alijitazama akacheka mpaka akakohoa.

Karata zote zilikuwa na mgongo wa buluu, ila malkia huyo mgongo wake ulikuwa wa manjano ya sabuni. Ukimpata, kila mtu anaona unaye. Hakuna aliyejali. Shida ilikuwa kwangu mimi, kwa kuwa sikuweza kumtupa. Wengine wakitupa karata zao mbaya, mimi nilimshikilia malkia wa boksi hata kama hakuwa na kazi yoyote mkononi mwangu. Kumtupa yeye kifudifudi mkekani kulikuwa kumtupa Cucu, na kwa kuwa jina ni moja, kulikuwa kujitupa mwenyewe. Nilishindwa mara nyingi kwa ajili ya upendo huo, na kila mara Cucu alinipigia makofi.

Shida ya pili ni kwamba nikipata karata nzito sikujua la kufanya nazo. Nilikuwa nikiruka, nikikaa tena, nikimwaga njahi zangu zote katikati kwa mikono miwili. Papo hapo wote walifunika karata zao. "Chukua, mama, chukua," Cucu alisema, na mimi na wafalme wangu watatu tukazoa punje tatu. Halafu niliponuna hawakuelewa nimenunia nini, na mimi nimeshinda.

Baba alikuwa tofauti. Yeye mara nyingine alitazama karata zake, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyepokea habari za msiba, akaweka punje moja tu, polepole. Niliumia sana kwa ajili yake. Sikuona kwamba zile pumzi ndizo zilizotangulia ushindi wake. Niliona tu kwamba Mungu anampa baba yangu karata mbaya kila Jumapili na kumwokoa dakika ya mwisho. Basi siku moja katika Sunday school, mwalimu alipouliza nani ana ombi, nikasimama mbele ya watoto wote, nikafumba macho na kusema kwa sauti, "Mungu, mpe baba yangu karata nzuri, kwa maana anateseka."

Habari zilimfikia Mama kabla sijafika nyumbani. Karata zililala mkebeni Jumapili tatu, na Cucu, ambaye hakuwa amebatizwa na hakuogopa mtu, aliniuliza kila siku kama nimejibiwa.

Baba alinichukua uani akiwa bado anacheka. Alikuwa na mahindi mkononi.

"Maitu, ulinihurumia mimi?" akasema. "Hapo nikishusha pumzi ndipo huwa nina karata nzito kabisa. Angalia hao kuku. Ukiwa na mahindi, unawakimbiza?"

"Hapana."

"Na wewe ukipata karata nzito unafanya nini? Unawakimbiza. Sasa ona." Akadondosha punje mbili, akatazama pembeni kana kwamba ana mawazo mengine. Jogoo akaja. Akadondosha nyingine karibu zaidi. Mwishowe jogoo alikuwa amesimama juu ya kiatu chake. "Umeona? Kimya kingi kina mshindo mkubwa."

"Na kama huna mahindi?"

Baba alifikiri. "Kama huna, hapo sasa unaweza kupiga kelele. Debe tupu haliachi kuvuma."

Niliyaelewa hayo yote, lakini kuelewa ni kitu kimoja na kuutuliza uso wa mtoto wa miaka kumi ni kingine.

Kisha Mama akaondoka. Alikuwa mjamzito, na kwa kuwa alikuwa amepoteza mtoto mmoja kabla, Baba hakutaka kubahatisha. Alimpeleka Thika kwa Mjomba Kariuki, kaka yake Mama, aliyefanya kazi kiwandani na kukaa karibu na hospitali. Mama alikaa huko wiki sita. Nilikuwa nikilala na kitambaa chake cha kichwa chini ya shavu langu, na wiki ya tano harufu yake ikaisha. Nilinusa na kunusa, nikapata harufu yangu mwenyewe. Usiku huo nililia kwa siri, na tangu hapo sikutaka kitu kingine duniani ila kwenda Thika.

Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha, Mjomba Kariuki alifika na baisikeli yake akiwa ameloa chepechepe. "Ni msichana!" alipiga kelele kabla hajashuka. "Na mama yake anakula kama askari!" Cucu alipiga vigelegele vitatu vya mtoto wa kike, akanishika tukazunguka naye uani kwenye matope. Ulikuwa mchana wa furaha tupu, mpaka Mjomba aliposema kwamba atarudi Thika kesho asubuhi, na kwamba kwenye keria ya baisikeli anaweza kubeba mtu mmoja.

Baba hangeweza kwenda. Kahawa ilikuwa imeiva na mashine haikupumzika hata Jumapili. Kwa hiyo nilisema, "Ni mimi," na wakati uleule Cucu akasema, "Ni mimi."

"Huyo ni mama yangu," nikasema.

"Na huyo mtoto ni wa mwanangu," akasema Cucu.

"Wewe ulishaona watoto wengi!"

"Ndiyo maana nawajua. Wewe utamshika kichwa chini."

Baba alitutazama. "Ngai! Mama zangu wawili," akasema. "Sasa mimi nimwambie nani abaki?" Akaingia ndani akatoka na mkebe wa sigara.

Cucu alikuwa tayari amechagua njahi za kumpelekea Mama, nyeusi zinazong'aa, kila moja na mstari wake mweupe, bila hata moja iliyotobolewa na wadudu. Baba akazigawa katika vikombe viwili. "Zote zitarudi kwenye kiondo," akasema. "Atakayekuwa na nyingi mvua ikikatika, ndiye atakayezibeba kesho." Yeye akawa wa kugawa karata, na Mjomba akakaa kando kama hakimu, na blanketi mabegani.

Nilianza vibaya. Nilipata wafalme watatu nikashtuka mpaka mguu wangu ukapiga kikombe; Cucu akafunika karata zake bila hata kunitazama. Nilipata mbili mbili, nikamwaga njahi nyingi, akafunika tena. Lakini kila alipokuwa na karata nzuri yeye, sijui vipi, nilijikuta nimemfuata punje kwa punje kama yule jogoo. Mvua ilipoanza kupungua, kikombe chake kilikuwa kimejaa na changu kilikuwa nusu.

Baba akachungulia nje. "Mara ya mwisho hii," akasema.

Akagawa. Niliinua karata zangu moja moja. Tisa. Tisa nyingine. Nne. Malkia wa boksi, na hereni zake. Na tisa ya tatu.

Nilihisi miguu yangu ikitaka kuruka nikaikalia. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, niliona vizuri jambo lilivyo: nikiruka, Cucu atafunika, nitashinda punje mbili, na nitabaki Ruiru. Karata hizi hazikuwa na faida yoyote kwangu kama Cucu hatakuja mpaka juu ya kiatu. Nikaweka punje moja. Cucu akaweka moja.

"Mnatupa ngapi?" Baba akauliza.

Nikitupa mbili, yaani nne na malkia, Cucu atajua mara moja kwamba tatu nilizobakiza zinafanana. Alikuwa amecheza siku nyingi, hakuwa mjinga. Lakini nikimbakiza malkia na kutupa nne peke yake, ataona mgongo wa manjano na kusema ni ule upumbavu wangu wa siku zote, wala hatazihesabu zilizobaki. Nikatupa moja. Niliona haya kidogo, wallahi, kwa sababu siku zote nilimshika malkia yule kwa upendo, na siku hiyo nilimshika kama chambo.

"Bado umenibeba, mke mwenzangu?" Cucu akasema, akicheka.

"Bado, Cucu."

Yeye akatupa mbili. Nikajua kwamba ana tatu zinazofanana. Baba akanipa karata yangu. Ilikuwa malkia wa uru.

Tisa tatu na malkia wawili! Nilimtazama malkia wa Kizungu akiwa amekaa karibu na Cucu wa boksi kama marafiki, na nikajiuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu. Cucu akaweka punje tano. Nikazitazama muda mrefu. Nikaweka tano, na juu yake mbili, nikaangalia mlangoni, kwenye matone ya paa, nikiwafikiria kuku. Cucu akaongeza konzi nzima. Mjomba akaacha kupangusa miguu yake. Nikachukua kikombe changu, nikatazama ndani, nikakiinamisha taratibu mpaka punje ya mwisho ikadondoka. Niliona kifua cha Baba hakitembei.

"Kwa ajili ya malkia mmoja," Cucu akasema, akitikisa kichwa, na akanifuata punje kwa punje mpaka zikalingana.

Aliweka wafalme watatu mkekani. Mimi nikaweka tisa zangu, kisha malkia wa uru, na mwisho yeye mwenyewe, na hereni zake.

Halafu Cucu akamchukua malkia wa boksi, akamsogeza karibu na macho. "Haiya!" akasema. "Nimepigwa na mimi mwenyewe!" Baba alianguka chali kwa kicheko, Mjomba akapiga ukuta kwa kiganja, na mimi nikaruka, nikaruka tena, nikaruka ile miruko yote niliyokuwa nimeikalia.

Jioni, kabla jua halijazama, nilimkuta Cucu ameketi nje kwenye kigoda, amenyoosha miguu, akiikanda kwa mafuta ya mbarika. Furaha yangu ikapata tundu. Nikamwambia, "Cucu, nenda wewe."

Akashusha pumzi ndefu. "Aca, hapana. Karata ni karata. Umeshinda." Akanipa malkia wa boksi. "Mpeleke huyu basi, amwone mtoto kwa niaba yangu. Miguu ya mzee ni ya kukaa." Akashusha pumzi nyingine. Nilikimbilia ndani nikalia tena kwenye kile kitambaa cha Mama, safari hii kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Asubuhi hakuwepo. "Amekwenda shambani mapema," Baba akasema, akiinama kufunga kiondo cha njahi kwenye keria. Nilijua ni kwa nini: hakutaka kutuona tukiondoka. Nikapanda, nikamshika Mjomba mkanda, na malkia nikamtia ndani ya gauni langu.

Safari ile ingekuwa ya saa mbili. Kabla ya Juja, gurudumu la nyuma likapata mwiba. Mjomba akabandika kiraka, tukaenda, tukapita kwenye mashamba ya mkonge yasiyo na mwisho, nami nikaimba. Kwenye mteremko wa Ndarugu gurudumu likapasuka tena, na gundi ikawa imekwisha. Basi tukaburuta baisikeli, Mjomba akisukuma na kuilaumu, mimi nyuma yake na matope mekundu hadi magotini. Tulifika Thika mchana, njaa inatuuma. Nilipoona mlango wa Mjomba niliachia kila kitu nikakimbia.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amenenepa, akicheka na mtu. Na kando yake, miguu imenyooshwa juu ya gunia safi, mtoto amelala mapajani mwake, alikuwa ameketi Cucu.

"Karibuni," akasema, kama mwenye nyumba. "Mlipitia Nairobi?"

"Cucu! Umefikaje?"

"Na miguu. Niliondoka jogoo wa kwanza. Kwani nilipoteza miguu? Nilipoteza keria."

Mama alishika tumbo akatuomba tusimchekeshe. Nilijitupa shingoni pake, na ile harufu niliyoitafuta wiki nzima ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote. Sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi saa ile. Baadaye nilimtoa malkia wa boksi, amekunjamana kwa jasho, na Cucu akamweka karibu na uso wake ili mtoto achague.

"Kwa nini hukuniambia jana?" nikamuuliza. "Mimi nililia!"

"Mwenye karata nzito husema?" akajibu.

Ndipo nikakumbuka zile pumzi mbili za jioni, na mafuta ya mbarika aliyojikanda. Nilikuwa nimesikia pumzi ileile kila Jumapili kwenye mkeka, nikaiombea hata kanisani, na bado ikanipita. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nami sikuwahi kujiuliza Baba alijifunza kwa nani.

Malkia ninaye hadi leo. Wiki iliyopita nilimtia mfukoni, nikapakua njahi kwenye kibuyu kidogo wakati wajukuu wakibishana bado nani atakaa mbele, nikatokea mlango wa nyuma. Kuna kijana wa bodaboda pale kona ambaye nilimjua akiwa mtoto, na ananiendesha kwa adabu.

Wao walikwama kwenye msongamano. Walipofika Kahawa Wendani na mizigo yao, Njeri alikuwa ameshakula bakuli la pili, na mtoto alikuwa amelala juu ya mapaja yangu. Kevo alisimama mlangoni na sufuria ya njahi mkononi, mdomo wazi.

"Cucu! Si ulisema umechoka?"

"Mimi nilishusha pumzi tu," nikamwambia. "Kuchoka ulisema wewe."